Siku 57 kabla ya Mifumo Kuzimwa

Tarehe 18 Machi 2021, mtumishi mmoja wa idara ya afya ya umma ya Jamhuri ya Ireland alifungua jedwali la Excel lililoambatishwa kwenye barua pepe. Hakuna kilichozimika. Kazi iliendelea kama kawaida siku hiyo na wiki zilizofuata. Alfajiri ya tarehe 14 Mei, siku 57 baadaye, wahalifu waliojipenyeza kupitia kompyuta hiyo waliyafunga mafaili na kudai fedha ili wayafungue. Idara ililazimika kuzima mifumo yake nchi nzima. Madaktari hawakuweza kuona picha za eksirei, majibu ya maabara yalirudi kwenye karatasi, na baadhi ya wagonjwa wa saratani waliahirishiwa tiba ya mionzi. Serikali ilikataa kulipa. Tarehe 20 Mei wahalifu walitoa ufunguo bila malipo, lakini kurejesha mifumo yote kulichukua takriban miezi minne.

Watu wengi humlaumu aliyefungua kiambatisho. Kwa maoni yangu lawama hiyo haina msingi, kwani anayefungua barua pepe nyingi kila siku hatakosa siku moja ya kudanganywa. Swali zito ni nini kilifanyika katika siku zile 57. Uchunguzi uliochapishwa Desemba mwaka huohuo ulibaini kwamba programu ya kuzuia virusi katika kompyuta ile ya kwanza ilizitambua zana za wahalifu tarehe 31 Machi. Ilikuwa imewekwa itazame tu, isizuie.

Kwa hiyo mtaalamu wa TEHAMA hospitalini ahakikishe kwanza kwamba programu hiyo inazuia, na kwamba kila tahadhari inayotolewa ina mtu mwenye jina anayeisoma, hata sikukuu. Nakala rudufu ziwe na seti moja isiyounganishwa na mtandao, nazo zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni matumaini tu. Kompyuta za mapokezi zitenganishwe na mashine za maabara na za mionzi.

Muuguzi au daktari aliyebofya kitu akakitilia shaka apige simu TEHAMA papo hapo, wala asisubiri zamu iishe. Atapiga ikiwa tu anajua hatakaripiwa, na hilo limo mikononi mwa uongozi. (Nywila moja inayotumiwa na wodi nzima, iliyobandikwa ukutani, nayo iondolewe: haionyeshi nani aliingia.) Fomu za karatasi za dawa na vipimo ziwepo wodini, na watumishi wazizoee kabla ya dharura.

Mgonjwa naye atunze nyumbani orodha ya dawa anazotumia, vipimo vyake na dawa zinazomdhuru. Mifumo ikizimwa, huenda karatasi hiyo ikawa ndiyo kumbukumbu pekee atakayoipata daktari siku hiyo.