Dona Peke Yake Haishushi Sukari

Dona na sembe hutoka kwenye hindi lilelile. Sembe imekobolewa: ganda na kiini vimeondolewa, na pamoja navyo zimepotea nyuzinyuzi nyingi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Wanga ulio ndani ya punje haukuguswa, na kiasi chake katika aina zote mbili za unga kinakaribiana. Katika gramu 100 za dona, zaidi ya gramu 75 ni wanga. Sembe huzidi hapo kidogo tu. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa msomaji anayemuuguza mama yake mwenye kisukari cha aina ya pili, aliyeuliza kwa nini kipimo cha mama kinasoma 13 (mmol/L) saa mbili baada ya chakula cha mchana, ilhali sembe iliachwa zamani nyumbani hapo na sasa unasongwa ugali wa dona tu.

Wanga wowote, uwe wa mahindi, mchele, mihogo, viazi au ngano, humeng'enywa na kuwa glukosi, kisha huingia kwenye damu. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho humwaga insulini ya kutosha, glukosi huingia kwenye seli, na baada ya saa mbili hivi sukari hurudi mahali pake. Katika kisukari cha aina ya pili seli zimekuwa sugu kwa insulini, na kongosho nalo limelemewa. Glukosi hubaki ikizunguka kwenye damu, na ikizunguka hivyo miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu ya miguu na moyo. Aina ya kwanza ni jambo jingine: humo insulini karibu haitengenezwi kabisa, na hakuna chakula wala mitishamba inayoweza kushika nafasi ya sindano.

Kwa hiyo aina ya unga huja baada ya swali la kiasi. Mtu aliyesongewa ugali wa gramu 200 za dona akaumaliza peke yake amekula gramu 150 hivi za wanga kwa mlo mmoja, sawa na wanga wa vijiko zaidi ya 35 vya chai vya sukari. Nyuzinyuzi za dona huchelewesha kidogo wanga huo usiingie wote kwa pamoja, lakini haziufuti. Tena unga uliosagwa laini mashineni humeng'enywa haraka hata kama haukukobolewa. Mahindi yaliyochemshwa yakiwa punje pamoja na maharage, yaani makande, huenda polepole zaidi kwa sababu mwili ndio unaofanya kazi ambayo mashine ingeifanya. Watu wazima wengi wenye kisukari hupangiwa gramu 45 hadi 60 za wanga kwa mlo, na ugali wa gramu 60 hivi za unga hutosha kufika hapo. Ukisongwa, ni tonge kubwa lenye ukubwa wa ngumi ya mlaji. Kwa aliyezoea ugali wa kujaza sahani, kipimo hicho huonekana kama adhabu, na ndiyo maana ushauri wa kupunguza wanga huvunjika upesi usipoeleza nafasi iliyoachwa wazi ijazwe na nini.

Ijazwe na mboga. Sahani yenye upana wa sentimita 23 hivi igawanywe kwa macho: nusu yake mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu, bamia, kabichi au nyanya chungu, robo iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au viazi. Katika nyumba nyingi mgao huu umegeuzwa, ugali umechukua robo tatu na mboga ni kijiko cha kutowelea. Kuugeuza upya hakuhitaji fedha nyingi, maana mafungu mawili ya mchicha na dagaa wa Ziwa Victoria hupatikana karibu kila soko. Inauma kuona familia yenye kipato kidogo ikinunua kwa bei ya juu unga ulioandikwa kuwa ni wa wagonjwa wa kisukari, kisha mboga inakosa pesa. Unga huo nao ni wanga, na hupimwa kwa ngumi ileile. Ulezi na mtama ni nafaka nzuri, na sharti lake ni hilohilo. Tui zito la nazi na mafuta mengi havipandishi sukari kwa haraka, ila huongeza uzito, na gramu moja ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga.

Mpangilio wa kula nao una faida. Majaribio madogo yameonyesha kuwa mtu akianza na mboga na kitoweo, kisha akamalizia na wanga, sukari hupanda kidogo kuliko akianza na wanga. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula husaidia pia, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huvuta glukosi hata pale insulini inapokuwa dhaifu.

Vinywaji huharibu hesabu bila mtu kujua. Soda ya mililita 330 ina gramu 35 hivi za sukari, na hakuna nyuzinyuzi za kuichelewesha. Juisi ya matunda iliyokamuliwa nyumbani haiko mbali sana na soda: machungwa matatu huingia kwenye glasi moja na kunywewa kwa dakika moja, wakati mtu anayeyala huridhika na moja. Tunda zima haliharamishwi. Chungwa moja, kipande cha papai au nusu ya embe kwa wakati mmoja huweza kuingia kwenye mpango. Asali ni sukari, licha ya heshima yake. Uji mwepesi wa asubuhi uliotiwa vijiko vitatu vya sukari ni unga na sukari kwa pamoja, na hupandisha haraka. Chai ya maziwa bila sukari, pamoja na yai na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, ni kifungua kinywa kilicho salama zaidi kuliko maandazi mawili na chai tamu.

Mashine ya kupimia sukari ndiyo huamua ubishi. Mgonjwa apime kabla ya kula na tena saa mbili baada ya kuanza kula, aandike alichokula na kiasi chake. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo la kabla ya kula ni takribani 4.4 hadi 7.2, na baada ya saa mbili isifike 10. Mlo uleule hauwatendei watu wawili sawa, na wiki mbili za daftari hilo humpa daktari habari nyingi kuliko kipimo kimoja cha siku ya kliniki. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa wengi hulengwa kiwe chini ya asilimia 7. Kwa wazee dhaifu daktari huweza kukilegeza.

Uzito una nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2017 uliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili, waliougua kwa muda usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini, mlo wa takribani kalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Huo si mlo wa kujaribu peke yako nyumbani, wala haumaanishi kwamba dawa ziachwe kwa sababu jirani aliacha. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na mtoto huhitaji mpango wao wa chakula kutoka kliniki.

Anayetumia dawa ya glibenklamaidi au insulini aonane na mtoa huduma kabla ya kupunguza ugali kwa kiasi kikubwa, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa sahani iliyojaa huweza kuishusha sukari mno sahani ikipungua. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuleta hatari hiyo. Dalili za sukari kushuka mno ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15, apewe tena kama sukari haijapanda, kisha ale. Akishindwa kumeza au akizimia, asinyweshwe kitu. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.