Upepo, Waya au Betri: Kuchagua Vifaa vya Karakana

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu huomba mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Miongoni mwao wamo maseremala, mafundi magari na mafundi wa vyuma, ambao sehemu kubwa ya fedha zao huishia katika mashine. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Mashine iliyochaguliwa vibaya hukaa pembeni ikishika vumbi, ilhali tarehe ya rejesho haisubiri. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kikundi hakina budi kujua tofauti ya vifaa vya waya, vya upepo na vya betri.

Vifaa vya waya

Hivi huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230. Ndivyo vyenye bei nafuu zaidi kwa nguvu vinayotoa, na hufanya kazi muda wote umeme ukiwapo. Grainda ndogo ya wati 800 ikikata chuma kwa saa 2 kamili hutumia yuniti 1.6 za LUKU. Kwa kazi nzito ya mfululizo, kama kupasua mbao, kuranda na kukata vyuma, hakuna aina inayoishinda kwa unafuu.

Udhaifu wake ni mawili. Umeme ukikatika, kazi husimama. Pili, waya mwembamba na mrefu wa ekstensheni hupunguza nguvu inayofika kwenye mashine. Mota hupata joto na mwishowe huungua. Fundi atumie waya mnene na mfupi kadiri iwezekanavyo, na aukunjue wote kabla ya kuanza kazi.

Vifaa vya upepo

Vifaa hivi huendeshwa na hewa iliyoshindiliwa na kompresa. Kifaa chenyewe ni chepesi, hakina mota ya umeme ya kuungua, na huvumilia kazi ngumu kwa miaka mingi. Spana ya upepo hufungua nati za gurudumu kwa sekunde chache, na bunduki ya kupulizia rangi huacha uso laini ambao brashi haiwezi kuufikia.

Hata hivyo, bei ya kifaa si gharama yote. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia katika kompresa hupotea kama joto, na ni sehemu ndogo tu inayofika kwenye kazi. Aidha, kompresa ndogo ya wati 1,500 hutoa takriban lita 200 za hewa kwa dakika. Kiasi hicho kinaitosha spana ya upepo, kwa kuwa hutumika kwa vipindi vifupi. Mashine ya msasa ya upepo aghalabu huhitaji lita 300 au zaidi bila kukoma; tangi huishiwa, na fundi hubaki akisubiri lijae. Mota ya kompresa pia huvuta umeme mwingi sana inapowashwa kuliko inapokuwa kazini, hivyo laini dhaifu au jenereta ndogo huweza kushindwa kuiwasha.

Vifaa vya betri

Faida yake kubwa ni uhuru. Seremala anayefunga milango katika nyumba isiyo na umeme bado hutoboa na kukaza skrubu. Drili ya betri inaweza kufanya kazi hiyo kwa saa nyingi, kwa kuwa kila tundu huchukua muda mfupi tu.

Kwa kazi nzito hesabu hubadilika. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 hubeba wati-saa 72. Grainda inayotumia wati 600 huimaliza kwa dakika 7 hivi. Betri ni ghali, huchakaa hata zikitunzwa, na za kampuni moja kwa kawaida haziingii katika vifaa vya nyingine. Kikundi kichague kampuni moja ambayo betri zake hupatikana karibu, kinunue angalau betri mbili, na kisiziache juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Kuchagua kwa kazi

Kikundi cha maseremala wa milango na kabati kitafaidika zaidi kwa kununua misumeno na randa za waya, kisha drili moja ya betri kwa kazi za nje. Kompresa ya rangi inaweza kukodiwa hadi kazi za rangi zitakapokuwa nyingi. Gereji ya matairi hali yake ni tofauti: hewa ni lazima, hivyo kompresa ndiyo ununuzi wa kwanza, na spana ya upepo huifuata bila gharama kubwa.

Kabla ya kulipia, wanakikundi wajiulize maswali haya:

1. Ni kazi gani inayoleta fedha kila wiki, nayo huchukua dakika ngapi mfululizo?
2. Laini ya umeme ya karakana inaweza kubeba mzigo gani?
3. Ni mara ngapi kazi hufanyika nje ya karakana?
4. Vipuri, betri na mafundi wa matengenezo wanapatikana wapi?

Usalama nao umo katika hesabu. Miwani na kinga ya masikio vinunuliwe pamoja na mashine. Kinga ya grainda isiondolewe. Tangi la kompresa limwagwe maji kila siku ili lisiliwe na kutu kwa ndani, na hewa yake isielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata huwasaidia wanakikundi kuandaa andiko la mradi. Andiko lenye majibu ya maswali hayo manne huwaonyesha wote kwamba mashine itakayonunuliwa inaweza kujilipa.