Mbalanga: Daktari wa Ngozi Anajibu Barua

Je, mbalanga ni ukoma unaoanza? Unaambukiza? (Barua nyingi zinauliza hili, nazijibu kwa pamoja.)

Hapana, na uvumi huu umenichosha, kwa sababu unavunja posa na kuwafukuza watu kwenye sinia. Mbalanga hutokea pale kinga ya mwili inapozishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hakuna kimelea, kwa hiyo hakuna cha kuambukiza: si kwa mkono, si kwa kikombe, si kwa kitanda.

Ukoma huletwa na bakteria. Kwenye ngozi nyeusi baka lake hupauka tu, halifikii kuwa jeupe pe, na mara nyingi hufa ganzi. Kliniki tunapima hivi: mgonjwa anafumba macho, nasokota ncha ya pamba, nagusa baka, naye anaonyesha kwa kidole nilipogusa. Mwenye mbalanga haoni shida yoyote. Mwenye ukoma mara nyingi hata hajui kama ameguswa. Naye pia asitengwe: dawa zake hutolewa bure, na muda mfupi baada ya kuanza kuzimeza haambukizi tena.

Samaki na maziwa vikiliwa pamoja huleta mbalanga?

Si kweli. Kula.

Michael Jackson si alijichubua tu?

Alikuwa na mbalanga. Uchunguzi wa maiti yake, 2009, ulithibitisha.

Mganga amenipa dawa ya kupaka, inachoma. Niendelee?

Iache leo hii! Ngozi ya mwenye mbalanga ikiungua au kuchubuka, baka jipya huweza kuzuka palepale penye jeraha. Napokea watu waliokuwa na kidoa kwenye kifundo, sasa mguu mzima ni baka na kovu. Aliyewauzia bado yupo sokoni anauza.

Tazama na kandambili zako. Zipo raba zenye kemikali inayoua rangi. Baka hufuata mikanda yake juu ya mguu.

Tiba ya kweli ipo?

Ipo, ila inataka miezi. Krimu za steroidi chini ya uangalizi, takrolimu kwa uso, au mwanga wa urujuanimno mara mbili au tatu kwa wiki. Uso huitikia vizuri. Ncha za vidole hukaidi. Rangi ikirudi huanza kwa vitone vyeusi kwenye vinyweleo, msivikwangue.

Mwanangu amewekwa dawati la peke yake.

Nenda kesho na barua ya daktari. Mwalimu mkuu aisome, na mtoto arudi dawati lake siku hiyohiyo.