Wataalamu Wamesema: Wataalamu Gani?

Bila shaka umewahi kumsikia mtu akimfunga mwenzake mdomo kwa maneno haya: "Wataalamu wamethibitisha!" Wataalamu gani? Walifanya nini? Nani mwingine aliikagua kazi yao? Leo tujifunze kupitia mtafiti wa ubongo na tabia, Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

KUPENDA SI KUTAKA

Zamani wanasayansi wengi waliamini kwamba dopamini, kemikali mojawapo ya ubongo, ndiyo inayoleta raha. Mwaka 1989 Berridge na wenzake walichapisha jaribio la panya walioondolewa karibu dopamini yote. Panya hao hawakujishughulisha na chakula hata kidogo. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walijilamba kama panya wengine, kama anavyofanya mtoto mchanga akionja kitu kitamu. Kumbe raha ilikuwepo! Kilichopotea ni hamu ya kutafuta.

Mwaka 1993 yeye na mwenzake Terry Robinson wakaandika makala kuhusu madawa ya kulevya. Kwa maelezo yao, madawa huufanya ubongo uzidi kutaka, hata pale raha inapopungua. Tena hamu hiyo inaweza kubaki muda mrefu baada ya arosto kwisha. Ndiyo sababu mtu aliyekaa miezi bila unga anaweza kushikwa na hamu kali kwa kupita tu karibu na kijiwe chake cha zamani. Usimcheke. Anahitaji matibabu na watu wa kumshika mkono.

KUTAJWA NI NINI?

Mwanasayansi anapoandika makala, hutakiwa kuonyesha kazi za wengine alizozitumia. Akiionyesha kazi yako, umetajwa mara moja. Makala ile ya 1993 imetajwa maelfu ya mara. Wengine wameitumia, wengine wameipima upya, na wengine wameipinga. Ndiyo, hata anayekupinga hukutaja!

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Tuchukue mfano. Asha ana makala 5, zilizotajwa mara 9, 7, 4, 3 na 1. Makala zisizopungua 3 zimetajwa angalau mara 3 kila moja, lakini hazifiki makala 4 zilizotajwa angalau mara 4. Basi h ya Asha ni 3. Juma ana makala 20, ila hakuna iliyotajwa hata mara moja. h yake ni 0. Umeona? Kuandika sana peke yake hakutoshi.

LAKINI TAHADHARI!

Kutajwa sana si sawa na kuwa kweli. Mwaka 1980 jarida moja kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha barua ya sentensi 5. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu, jamii ya mofini, walionasa ni 4 tu. Wagonjwa hao walikuwa wamelazwa hospitalini. Mwaka 2017 watafiti walihesabu wakakuta barua hiyo imetajwa mara 608, na wengi wa walioitaja hawakusema kwamba ilihusu waliolazwa tu. Madaktari wakaaminishwa kuwa dawa hizo hazina hatari hata mtu akizitumia nyumbani kwa muda mrefu. Hilo lilichangia janga la uraibu lililoua watu wengi sana Marekani.

Kwa hiyo namba inakuambia kazi imesikika. Kama ni kweli, utajua kwa kuisoma yenyewe: nani alichunguzwa, wangapi, kwa njia gani, na je, wengine walirudia wakapata jibu lile lile?

JIPIME

1. Bakari ana makala 4, zilizotajwa mara 10, 6, 2 na 2. h yake ni ngapi?

2. Kwa nini makala inayopingwa sana inaweza kuwa na namba kubwa?

3. Rafiki yako anasema, "Jaribu tu, wataalamu wamesema mara moja hainasi." Mwandikie maswali matatu ya kumwuliza, kisha myajadili darasani.

(Jibu la swali la 1: h ni 2.)