Karo ya Chuo: Jaza Fomu ya HEF Vizuri, Usipoteze Msaada Wako

Umepangiwa chuo? Hongera! Sasa swali linalobaki nyumbani ni moja tu: karo itatoka wapi? Leo tunaeleza jinsi serikali inavyoamua nani apate msaada na apate kiasi gani, na kwa nini majibu yako kwenye fomu yana uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Alama pekee hazitoshi

Alama ya C+ katika KCSE inakufungulia mlango wa digrii, na KUCCPS inakupangia chuo na kozi. Lakini pesa ni jambo lingine. Tangu mfumo mpya uanze mwaka wa 2023, msaada unategemea hali ya kifedha ya familia yako. Tena haujileti. Usipoomba hupati, hata kama nyumbani hakuna kitu.

Msaada wenyewe ni wa aina mbili. Kuna ufadhili, ambao haulipwi, na kuna mkopo wa HELB, ambao utaulipa. Yote mawili unayaomba kupitia tovuti ya HEF. Ufadhili ni wa wanafunzi waliopangiwa vyuo vikuu vya umma. Kama KUCCPS ilikupangia chuo cha kibinafsi, unaweza kuomba mkopo tu.

Bendi yako inamaanisha nini?

Ukishaomba, unawekwa katika bendi moja kati ya tano. Tuchukue kozi ya Sh200,000 kwa mwaka:

- Bendi ya 1 (wenye uhitaji mkubwa zaidi): ufadhili asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia asilimia 5. Nyumbani mnatafuta Sh10,000.
- Bendi ya 5: ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30, familia asilimia 40. Nyumbani mnatafuta Sh80,000.

Kozi ni ile ile, lakini tofauti ni Sh70,000 kila mwaka. Ndiyo maana hatushauri ukimbie saiba umwachie mtu mwingine akujazie kwa kukisia.

Mauzo si mapato

Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme mama anauza mboga. Kwa siku anauza za Sh1,500, lakini Sh1,200 zinarudi sokoni kununua mzigo mwingine. Kinachobaki ni Sh300. Akifanya kazi siku 26, mapato yake ya mwezi ni Sh7,800. Ukiandika Sh39,000 kwa sababu umehesabu kila shilingi iliyopita mkononi mwake, umeonyesha familia yenye uwezo ambayo haipo, na hesabu hiyo inaweza kukusukuma bendi ya juu.

Kwa hivyo keti na mzazi au mlezi kabla ya kujaza. Kama kazi ni ya kibarua, jumlisheni mapato ya miezi kadhaa mgawanye, msichukue mwezi mzuri pekee. Hesabuni pia ndugu walio shuleni. Kama mzazi amefariki, au kuna ulemavu, au karo yako ya sekondari ililipwa na mfadhili, sema hivyo na uwe na stakabadhi za kuthibitisha. Lakini usidanganye. Kutoa habari za uongo ni kosa kisheria.

Viwe tayari mkononi

- Kitambulisho chako na namba za vitambulisho vya wazazi
- Namba za mtihani wa KCPE na KCSE, pamoja na miaka
- Picha ya pasipoti na barua pepe unayoitumia
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe

Hiyo laini usiichukulie kimzaha. Kama unatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama au cha kaka, tafuta yako kabla ya kuomba. Pesa za karo hutumwa moja kwa moja chuoni. Zinazokujia wewe ni za kujikimu, na zinahitaji majina yanayolingana.

Bendi ikikosewa?

Usikae kimya na usiache chuo. Unaweza kukata rufaa kupitia tovuti hiyo hiyo, ukieleza kilichobadilika au kilichoachwa nje. Na mtu akikupigia akidai atakupandishia msaada ukimtumia "kitu kidogo", kata simu. Hakuna bendi inayouzwa. PIN yako ya simu pia haihitajiki kwenye ombi lolote, kwa hivyo usimpe mtu.

Kumbuka mkopo ni deni

Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukikwepa, kuna faini ya Sh5,000 kila mwezi, na jina lako linaweza kufikishwa CRB. Pesa za kujikimu zikiingia, toa kwanza kodi ya nyumba na chakula cha muhula mzima, kisha uone kilichobaki.

Pia kumbuka mkopo huombwa upya kila mwaka wa masomo. Weka ukumbusho kwenye simu sasa hivi, usije ukafika mwaka wa pili karo ikiwa na pengo. Tunakutakia masomo mema!