Mpangaji akiomba kulea watoto ndani ya nyumba yako

Tuseme una nyumba ya tofali na bati pale Arash, katika tarafa ya Loliondo, na umempangisha mama aliyehamia na mume wake mwalimu. Siku moja anakuja kwako na ombi: anataka kukaa na watoto wa watumishi wenzake na mumewe kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa malipo. Leo ni watoto watatu. Mwezi ujao huenda wakawa tisa. Utamjibu nini?

Wenye nyumba wengi hujibu kwa njia mbili. Wapo wanaosema, "Mimi sina neno, ilimradi kodi yangu iingie," kisha wasiulize tena. Wapo wanaokataa papo hapo kwa kuogopa kelele, uharibifu na lawama. Ninawashauri wasifuate njia yoyote kati ya hizo. Kubali, lakini kubali kwa maandishi, na kibali cha kituo kitangulie.

Nasema kubali kwa sababu hitaji ni la kweli. Mwenyeji wa tarafa ya Loliondo ana boma, na ndani ya boma kuna koko, yaani bibi, wa kumshikia mtoto. Mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi huku akitokea mkoa mwingine hana. Kule Karatu mjini, kina mama wanaofanya kazi kwenye hoteli za watalii na mashamba ya kahawa hutoka alfajiri. Akikosekana wa kuaminika, mtoto mdogo huachwa na mtoto mkubwa, na huyo mkubwa anakosa shule. Serikali yenyewe mwezi Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na haiwezekani programu hiyo ikatekelezwa kwa majengo ya serikali peke yake.

Sasa sheria. Kupokea watoto wa watu kwa malipo, siku hadi siku, ni kuendesha kituo cha kulelea watoto mchana, hata kama kituo chenyewe ni sebule na ua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha namna hiyo kiwe na kibali, kikaguliwe, na kisimamiwe na watu wa ustawi wa jamii. Mlango wa kuanzia ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri: kwa mtu wa Arash ni Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro, kwa mtu wa Karatu ni Halmashauri ya Wilaya ya Karatu. Mwombaji ni mpangaji, si wewe. Lakini jengo litakalokaguliwa ni lako, kwa hiyo ridhaa yako ya maandishi inamsaidia yeye na inakulinda wewe.

Kabla ya kuridhia, zunguka naye nyumba nzima. Tazama choo: kama ni cha shimo, tundu linamtosha mtu mzima, na mtoto wa miaka miwili anaweza kutumbukia. Tazama kisima au tangi la maji lililochimbiwa chini, je, lina mfuniko unaofungwa? Jiko la kuni au mkaa likae mbali na wanapocheza. Ua uwe na uzio na lango, maana mifugo hupita, na magari nayo hupita. Kila mnachokiona kibovu kiandikeni, na palepale muandike nani atakitengeneza na lini. Katika sheria ya upangaji, paa na kuta kuu kwa kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba. Ukiambiwa bati linaning'inia ukanyamaza, kisha likamwangukia mtoto, usitegemee kwamba lawama zote zitaishia kwa mpangaji.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inakubali upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata kwa mdomo. Hapo ndipo watu wanapoumia. Upangaji wa mdomo ni halali, ila mkigombana juu ya matumizi ya nyumba hakuna anayeweza kuthibitisha alichoahidi mwenzake. Andikeni hata karatasi moja, kwa mfano: "Mimi mwenye nyumba namruhusu mpangaji kulea watoto mchana katika vyumba viwili vya mbele na ua, wasiozidi idadi iliyo kwenye kibali chake, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kibali kikifutwa au kikiisha bila kuhuishwa, shughuli hii inasimama, lakini haki yake ya kuishi hapa inabaki mpaka muda wa mkataba uishe." Maneno hayo ya mwisho wengi huyasahau. Kufungwa kwa kituo si sababu ya kuitupa familia nje. Pelekeni karatasi hiyo kwa Mtendaji wa Kijiji, mashahidi watie saini, kila mmoja abaki na nakala.

Mkataba ukiwa ulisema nyumba ni ya makazi tu, na mpangaji akaanza kituo kimyakimya, amevunja masharti na una haki ya kumdai asimamishe. Huna haki ya kumfungia kufuli, kumkatia maji wala kumwezulia bati. Mpe notisi ya maandishi, umweleze kosa na muda wa kulirekebisha. Akikaidi, nenda kwenye baraza la ardhi.

Kuna mambo mawili yenye uzito wa pekee. La kwanza ni ardhi. Kule Arash, tangu mpaka wa eneo la hifadhi la kilomita za mraba 1,500 ulipowekewa vigingi mwaka 2022, hakuna asiyejua thamani ya kuwa na uhakika wa kiwanja kilipo. Hakikisha nyumba yako iko kwenye ardhi ya kijiji na kwamba Halmashauri ya Kijiji, ambayo ndiyo msimamizi wa ardhi hiyo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ina taarifa ya matumizi mapya. Karatu mjini swali ni tofauti: kiwanja chako kimepimwa kwa makazi au kwa biashara? Uliza ofisi ya ardhi.

La pili ni mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama nyumba unayopangisha ndiyo familia inamoishi, au ni sehemu yake, saini ya baba peke yake haitoshi. Mama naye aulizwe, tena asaini.

Kuhusu kodi ya serikali, jambo ni fupi. Nyumba ikikodiwa kwa biashara, mpangaji hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Kubalianeni mapema, asije akakukata ukadhani amekupunja.

Ugomvi ukizuka, anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe saba, na wanawake wasiopungua watatu. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na fedha ya wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure.

Na ukiona mtoto anapigwa au anafungiwa ndani ya nyumba yako, suala hilo si la mkataba tena. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, na simu ya 116 haina malipo. Kwa mpangaji wako, anza na hili moja: usipokee hata shilingi ya kituo kabla hujakiona kibali kwa macho yako.