Anaandika 205? Leta Fagio la Chelewa

Mdogo wangu uliyeniuliza kwa nini mwanao wa Darasa la Kwanza, ukimwambia "andika ishirini na tano," anaandika 205: kwanza acha kumfinya. Masikio yake ni mazima. Amesikia ishirini akaandika 20, amesikia tano akaandika 5. Mwambie mia moja na tatu, atakupa 1003 kwa uaminifu uleule. Asichokijua bado ni kwamba tarakimu hupata thamani yake kwa pale ilipokaa, na hilo halimwingii mtu kwa kuimbishwa "mamoja, makumi, mamia" asubuhi hadi mchana.

Mpime leo jioni. Mpe visoda 16, aandike 16. Zungushia ile 6, umwombe akuonyeshe visoda vyake, atakutengea sita. Sasa zungushia ile 1. Watoto wengi husogeza kisoda kimoja, na vile tisa vilivyobaki vinakaa mezani havina mwenyewe, wala yeye haoni ajabu. Constance Kamii, mtaalamu aliyesoma watoto kwa mtazamo wa Jean Piaget, aliandika sana juu ya jaribio hili. Mtoto anayejua kuhesabu hadi mia vizuri kabisa anaweza kuangukia hapo.

Basi tafuta fagio kuukuu la chelewa. Kata vijiti vya urefu wa kidole, mia na ushee. Huko bara kusiko na minazi, mabua ya mtama yatafaa. Vya kufungia ni raba bendi, au tyubu ya baiskeli iliyokufa, uikate vipete.

Nikukirie kosa langu. Mwaka wa kwanza wa kufundisha nilikesha nikifunga mafungu ya kumi kumi, asubuhi nikawagawia watoto yakiwa yamenyooka kama ya dukani. Nikauliza, "Vijiti vingapi?" Wakahesabu: moja, mbili, tatu, nne! Kwao fungu lilikuwa kijiti kinene tu. Kazi yote ya kufikiri nilikuwa nimeimaliza mimi usiku, peke yangu, kwa taa. Tangu siku hiyo sifungi hata fungu moja. Wanafunga wao, wanafungua wao, na wakibisha kwamba mle ndani mna kumi, wanafungua tena.

Lakini kwa nini afunge? Mpe sababu. Mmwagie vijiti 43, mwambie ahesabu kimoja kimoja, na akifika thelathini na kitu mwite: "Hebu niletee chumvi." Akirudi amesahau, anaanza upya. Mwite tena. Atanuna. Hapo ndipo umwonyeshe kwamba ukifika kumi unafunga, unaweka pembeni. Ukiitwa, kinachopotea ni vichache visivyofungwa tu. Mtoto aliyeitwa mara tatu hahitaji hotuba.

Sasa chukua karatasi, chora mstari katikati: kushoto chumba cha makumi, kulia chumba cha mamoja. Chumba cha mamoja kinalaza tisa tu. Akiingia wa kumi, wote wanafungwa pamoja na kuhamia chumba cha jirani. Na wewe kaa upande mmoja na mtoto, bega kwa bega. Ukikaa ng'ambo ya meza, kushoto kwako ni kulia kwake, na utamlaumu bure.

Ile 205 ina dawa yake. Kata maboksi upate kadi: ndefu za 10, 20, 30 hadi 90, na fupi za 1 hadi 9. Fupi iwe na upana wa tarakimu moja sawasawa. Anaweka mafungu mawili na vijiti vitano, anachukua kadi ya 20 na ya 5, kisha anaipachika 5 juu ya sifuri. Inasomeka 25. Akiinua 5, sifuri ile pale, ilikuwa chini muda wote. Mwache aifunike na kuifunua hata mara ishirini. Wengine hucheka kama wameona mazingaombwe.

Wiki mbili hizi, nambari zisemeni kwa namna mbili: "ishirini na tano, yaani makumi mawili na mamoja matano." Kiswahili chetu kinasema wazi kwenye kumi na tatu, kisha kinaficha: ishirini, thelathini na arobaini tumezitoa kwenye Kiarabu, hazimnong'onezi mtoto lolote kuhusu makumi. Jirani zetu Wanyarwanda wanasema makumyabiri kwa ishirini, na kumi imo humo humo. Sisi tunalazimika kumtafsiria mtoto.

Mkifika kutoa, nakuomba neno "kukopa" ulisahau. 42 toa 17: vijiti viwili havitoshi kutolewa saba, basi fungua fungu moja. Sasa una makumi matatu na mamoja kumi na mawili. Nani kamkopa nani? Mkopo gani huo usiolipwa?

Abakasi na hela zije baadaye. Kwenye abakasi shanga ya makumi ina umbo lilelile la shanga ya mamoja, na noti ya buku haina sarafu kumi za mia ndani yake; hapo mtoto anatakiwa kuamini. Akishazoea kufunga na kufungua ataamini, na dukani atafurahia kwamba mia kumi ni buku. Trei ya mayai na kreti ya soda ziache kabisa kwa sasa, thelathini na ishirini na nne zitamvuruga.

Vijiti navyo visikae milele. Akizoea, achore: mstari kwa kumi, nukta kwa moja. Ukiona anachora kwa uvivu, huku jibu kashalisema, vikusanye.

Kuhusu mia, nimekuachia siku maalumu: mafungu kumi yafungwe pamoja, ayabebe kwa mikono miwili. Fanyeni hivyo mama mkwe akiwa safarini, na umnunulie fagio jingine kabla hajarudi.